Filta yangu, jua la Kalerwe na Maalim asiyeacha salamu bila jibu

Wakuu, salamu kutoka Kampala.

Wiki nzima natabasamu peke yangu, leo acha niimwage stori yenyewe. Ni kweli tupu. Mliopita soko la Kalerwe mchana ule nisuteni nikiongeza chumvi.

Mimi ni Mkenya, napiga picha za kulipwa hapa mjini, studio yangu iko Kamwokya.

Mteja alikuwa Maalim Swaleh, mzee wa ukoo wa pwani. Anauza kanzu na misahafu pale Kalerwe, jioni anafundisha Kurani. Jengo lake linavunjwa, na siku hiyo ilikuwa ya mwisho.

Alitaka picha moja tu: yeye barazani kwa duka lake, soko lote likipita mbele. Wapiga picha wawili walishashindwa. Akanionyesha kazi zao, watu wamegandishwa mbele yake, mkungu wa matoke umemziba uso.

"Miaka yote hii sikukaa nyuma ya ndizi," akasema.

Nikamwambia hiyo kwangu ndogo.

Silaha yangu ni variable ND. Kwa wasioijua, ni filta ya vioo viwili. Unaivalisha lenzi kama miwani ya jua, ukizungusha giza linaongezeka. Shutter, yaani kilango cha mwanga ndani ya kamera, inakaa wazi sekunde mbili mchana kweupe na picha haiungui kwa mwanga. Anayetembea anageuka ukungu, aliyetulia anabaki wazi.

Kwa pupa nikazungusha mpaka mwisho. Lo! Kwenye skrini ukatokea msalaba mweusi juu ya duka la mwalimu wa Kurani, na mimi ndiye Mkristo. Hizi filta ukizikaza sana kwa lenzi pana zinafanya hivyo. Nikarudisha haraka kabla hajaona.

Nikapiga. Soko linatiririka nilivyotaka, ila Maalim naye ukungu.

"Maalim, tulia."

"Nimetulia."

Nikarudia kama mara kumi, uso wake haupo. Na baada ya adhuhuri mafundi wa Katwe wanakuja kung'oa milango!

Ndipo nikaacha kuangalia skrini, nikamwangalia yeye. Kila anayepita: "Asalaam aleikum Maalim!" Naye anageuka, mkono kifuani, anaitikia.

"Usiwajibu kidogo tu, sekunde mbili."

Akanitazama kama nimemwambia avue kanzu. "Kujibu salamu ni wajibu. Hilo siwezi."

Dereva wa boda aliyeegesha kando akacheka. "Ssebo, bwana mkubwa, huyu Maalim hata wewe nafunga mdomo yake, yeye tajibu tu!"

Nikakuna kichwa. Nikamwambia, "Basi jibu, ila kwa midomo tu. Mkono uweke kifuani sasa hivi, ubaki hapo. Macho kwangu."

Salamu zikaja, ndevu zikatikisika kidogo. Klik.

Wakuu, nilipiga kelele. Matoke, magauni ya gomesi ya akina mama na boda vyote vinatiririka rangi tupu, na Maalim katikati, wazi mpaka nyusi, mkono kifuani.

Akaishika kamera muda mrefu.

"Hapa namjibu nani?"

"Soko zima, Maalim."

Akafuta macho hadharani bila aibu. Kisha akasema, "Sasa waite mafundi."

Najivuna, ndiyo. Nimejifunza kuwa filta nitaizungusha nitakavyo, ila mtu nimwache alivyo, nitafute picha hapohapo.

Wenye variable ND, nyie msalaba mnaukwepaje? Na mwenye picha ya Kalerwe kuishinda yangu aiweke hapa tumwone.