Chupa ya Watoto Kumi

Wizara imetamka, na tamko limebandikwa juu ya kitasa cha mlango wa zahanati, kwamba hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani bila chanjo, na hakuna dozi hata moja itakayopotea. Mama Pasi amelisoma mara nyingi kuliko walioliandika.

Jina hilo alipewa na mtaa, kwa kuwa hunyoosha nguo za watu kwa pasi ya mkaa katika chumba alichopanga uani. Binti yake alikuwa ametimiza miezi tisa, umri wa chanjo ya surua, na surua ilikwisha kuingia nyumba ya jirani na kuondoka na mtoto. Kwa hiyo zahanati hakwenda akitembea.

Sista wa chanjo alimpokea vizuri, akampima mtoto, akamsifia mashavu. Kisha akaeleza. Chanjo yenyewe ni unga ndani ya chupa; ukishachanganywa na maji yake, ikifika jioni kilichobaki ni cha kumwaga. Chupa moja ni ya watoto kumi. Siku hiyo walikuwa wawili.

"Sasa dada yangu, nikimwaga dozi nane, atakayeulizwa ni mimi, siyo wewe."

"Sista, jirani yangu amezika."

"Nimesikia. Mpe pole. Tafuta wenzako, hata wakifika sita nakufungulia."

Mama Pasi alimfunga mtoto mgongoni, akaenda kutafuta wenzake. Nyumba zenye watoto wachanga alizijua bila kuuliza, maana nguo zao zilipita mezani kwake. Kwenye fulana ndogo za njano, dada wa kazi alisema hana ruhusa ya kumtoa mtoto getini. Kwenye nepi za maua, mtoto alikuwa na mafua, na mama yake hakutaka kusikia kwamba mafua hayazuii sindano. Kwenye shuka za katuni alitoka baba mtu, akauliza tangu lini mpiga pasi amekuwa daktari, kisha akakumbushia suruali yake iliyoungua. Mama Pasi aliomba radhi ya suruali ili apate kuomba mtoto. Radhi ilipokelewa, mtoto hakutolewa.

Alirudi na watatu, mmoja wao alikwisha chanjwa na amekuja kujaza benchi tu. Sista alisikitika, kweli kabisa, akasema njooni Alhamisi.

Alhamisi walikuja saba, baada ya Mama Pasi kuahidi kunyoosha bure nguo za nusu ya mtaa. Mlango ulikuwa na kufuli. Mlinzi alisema Sista ameitwa semina.

"Semina ya nini?"

"Ya kuzuia upotevu wa chanjo."

Wenzake waliondoka mmoja mmoja. Alipobaki peke yake, alimuuliza mlinzi kama anajua kuchoma sindano. Mlinzi alicheka, halafu akaona anacheka mwenyewe.

Jumapili mtoto alishikwa na homa, macho yakawa mekundu, na baadaye vipele vikaanzia nyuma ya masikio. Sasa amelazwa hospitali kubwa. Mama yake analala sakafuni kando ya kitanda; mtoto akipumua, yeye anasubiri apumue tena.

Mwisho wa mwezi umeme ulikatika, na Sista akakagua jokofu. Alama ya joto kwenye lebo ya ile chupa ilikuwa imegeuka rangi, maana yake chanjo imeharibika. Aliitupa na kizibo chake, dozi zote kumi zikiwa ndani.