Kabla Masikio ya Mzee Holden Hayajaziba

Hilda Duckworth alikuwa mwoga, tuseme hivyo hivyo bila kumpamba. Si mwoga wa mashine. Kiwandani alisimamia mitambo sita ya kufumia nguo, na siku mkanda ulipokatika ukampitia karibu na shavu, aliuokota akampelekea fundi huku akisonya. Woga wake ulikuwa wa macho ya watu. Mwachie banjo jikoni kwake, mlango umefungwa, vidole vitatu vinacheza juu ya nyuzi za utumbo mpaka birika linachemka linamwagika hana habari. Mwite mbele ya chama cha wapiga banjo cha mji wetu wa Burnley, watu ambao anawajua kwa majina na kwa maradhi yao, mate yanamkauka.

Ndiyo maana miaka yote alipiga banjo ya pili, ile ya kumsindikiza mwenzake. Banjo ya pili haitazamwi na mtu. Alikuwa ameridhika kabisa, mpaka Mzee Seth Holden alipomfuata.

Mzee Holden alikuwa fundi wa mitambo kiwandani mle mle kabla hajastaafu, na nusu ya wanachama aliwafundisha yeye, kwa mtindo wa zamani: vidole vitupu, kucha fupi, kila sauti isimame peke yake. Alikuwa na wimbo wake mmoja, alioutunga mwenyewe zamani, wakati mkewe bado yu hai. Hakuupeleka kwa mchapaji, na hakuna aliyewahi kuupiga ila yeye. Sasa baridi yabisi ilikuwa imemkunja vidole. Kiangazi kizima alimkalisha Hilda jikoni kwake, akimwimbia kipande kwa kipande na kumpangia vidole kwenye nyuzi.

"Binti, wimbo huu nimeupiga maisha yangu yote, lakini sijawahi kukaa kitini nikausikiliza," alimwambia. "Mara moja tu nataka. Daktari anasema masikio haya Krismasi hayafiki."

"Si nikupigie hapa hapa?"

"Hapa nasikia makosa tu. Nataka ukumbini, watu wamenyamaza."

Ungemwambia nini mtu kama huyo? Hilda alikubali. Onyesho la chama la kila mwezi lilipofika Septemba, akasema bado hajaumudu. Oktoba akasingizia mafua, akalala kitandani mzima wa afya, akimsikia mumewe akimwombea radhi mlangoni. Woga ni kitu kibaya, jamani. Unakula siku za watu wengine.

Novemba hakupata pa kujificha. Wiki nzima chakula kilimshinda, hata pai ya nyama na viazi aliisogeza kwa mumewe. Jumamosi mchana mvua ilinyesha, akaingia ukumbi wa kanisa amekumbatia banjo yake ndani ya koti kama mtoto mchanga. Percy Lomax, katibu wa chama, hakuweza kujizuia.

"Hilda, mbona umekuwa mweupe hivyo? Hapa si mahakamani."

"Afadhali mahakamani. Kule mtu hupewa wakili."

Percy aliigonga kwa kidole ngozi ya banjo, iliyowambwa kama ya ngoma. "Na ngozi hii imelegea kwa unyevu. Ikaze kidogo."

Hilda alizungusha skrubu moja moja, roho mkononi. Ngozi ya ndama ina kisirani: ukiikaza ikiwa imelowa, halafu joto la jiko la ukumbini likaikausha, inapasuka kama bunduki. Aliomba Mungu ipasuke. Haikupasuka.

Mzee Holden alikuwa amekaa mbele kabisa, amevaa suti ya Jumapili. Hilda alipopita alimshika mkono.

"Vipi, binti?"

"Naogopa, Mzee."

"Hata mimi," alisema, akimtazama mdomo. Kisha akafumba macho, tayari kusikiliza.

Hilda alikaa. Kidole cha kati kilikuwa na jasho, kikaloanisha uzi. Alianza. Sehemu ya kwanza ilipita hajui imepitaje. Ya pili alitaka kuikimbia kama nyumba inayoungua, vidole vikamtangulia, akavidaka. Ya tatu, ile ya taratibu, alihisi ukumbi mzima umeshika pumzi, lakini vidole havikusimama. Akafika mwisho. Akalaza kiganja juu ya nyuzi.

Kwetu chamani, mtunzi akiwepo, yeye ndiye hupiga makofi ya kwanza. Wote wakamgeukia Mzee Holden. Alikuwa bado amefumba macho. Wakangoja. Mwishowe aliyafumbua, akamtabasamia Hilda kwa upole.

"Anza basi, binti. Usiogope, sisi ni wenzako."

Percy alicheka, akidhani ni utani. Hilda hakucheka. Alikuwa ameelewa. Mzee alikuwa kiziwi, kiziwi kabisa, sijui tangu lini, na nani angejua? Kiwandani mitambo inavuma hata ngurumo huisikii, kwa hiyo sote tunasemeshana kwa kusomana midomo. Mtu wa Burnley akikukodolea mdomo hata kanisani, unaona ni kawaida tu. Septemba, pengine hata Oktoba, angesikia. Hilda aliijua hesabu hiyo mara moja, ikamuuma kuliko macho yote ya dunia.

Aliinuka, akavuta kiti mpaka magoti yao yakagusana. Akamwambia kwa midomo, bila sauti, "Nimeshapiga."

"Umeshapiga? Wote?"

"Wote."

Mzee aliinamia mikono yake iliyokunjika. "Ah. Basi asante, binti. Asante sana."

Hilda hakuweza kuivumilia asante ile. Ndipo alipokumbuka mafundi wanavyofanya mtambo ukiwa na kasoro katikati ya makelele: fundi huuma mpini wa bisibisi, ncha akaiegemeza kwenye chuma, akaujua ugonjwa kwa mtetemo unaopita menoni. Hilda alikisogeza kichwa cha banjo, ile ncha ya mbao nyuzi zinapofungwa, mpaka mdomoni kwa mzee.

"Uma," alimwambia.

"Hilda, unamfanya nini mzee wa watu?" Percy aliuliza.

"Nyamaza, Percy."

Mzee Holden aliuma mbao. Hilda akaanza tena, hana habari tena na ukumbi, macho kwenye uso ule mmoja tu, akiogopa kukiona kichwa kikitikiswa kusema hapana. Sehemu ya kwanza, uso ulikuwa mtupu. Sehemu ya pili, nyusi zikajikunja. Mzee akaachia mbao.

"Hapo umekimbia," alisema kwa ukali. "Rudi."

Hilda alifuta machozi kwa mkono wa koti, akarudi mwanzo wa sehemu ya pili.