Siku Niliyokataa Maji kwa Ajili ya Wakwe

Haya nayasema mwenyewe kabla hamjasimuliwa na majirani zangu wa Mlabani, maana wao wataongeza chumvi, na aibu yangu ilikuwa imekolea tayari.

Nilikuwa nimevunjika uti wa mgongo (nilianguka kutoka paani nikiezeka ghala la mpunga), miguu imekufa, mkojo siusikii, hutolewa kwa mpira mwembamba. Alhamisi moja hospitalini Sista akanipima kibofu: akapitisha mpira, akakijaza maji taratibu aone kinabeba kiasi gani, kisha akanipa vidonge vya siku tatu. "Baba Aneti, kipimo hiki huweza kuingiza vijidudu. Meza vyote, na unywe maji ya kuchemsha, mengi. Ukizembea, homa ya figo itakuua." Nikaitikia kwa adabu zote.

Sasa Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja kutoka Mchombe kumposa Aneti wangu, na binti mwenyewe alimpenda kijana wao kweli. Kwetu baba wa binti haondoki barazani mpaka neno la mwisho. Nikawaza, nikilowa mbele yao je? Basi tangu Ijumaa asubuhi nikaacha maji (akili hiyo!), na kwa kuwa vidonge bila maji havishuki, navyo nikavificha chini ya mto wa kiti changu cha magurudumu.

Mshenga ndiyo kwanza anaanza kunena, baridi ikanishika, meno yakagongana, kiti kikalia kwacha kwacha, mshenga akadhani nimekasirika, akaomba radhi, na kila nilipojaribu kusema "endelea" nikazidi kutetemeka, akaomba radhi tena, safari hii kwa magoti! Vidonge vikaanza kudondoka kimoja kimoja miguuni pa wakwe. Mama Aneti akavitambua. "Mume wangu, hukumeza?" Hapohapo mkojo ukatiririka, mchafu kama togwa.

Nililia. Nilijua nimemkosesha mwanangu mume.

Baba wa kijana akainuka, akashika kiti, akanisukuma mwenyewe kupita sokoni hadi kwa Sista, mji mzima ukitazama. "Mkwe," akasema, "tumekuja kutaka binti, hatukuja kuzika baba yake."

Nilichomwa sindano wiki nzima. Tangu hapo nikipimwa nameza vidonge mpaka cha mwisho, na maji sibembelezwi. Siku ya harusi niliketi mbele kabisa, kibuyu cha maji mapajani, nikanywa wakwe wote wakiniona. Nikalowa kidogo, ndiyo. Nikaomba waniongeze maji.