Mahari ya Masta Silinda

Elfu kumi na moja na mia nne. Hiyo ndiyo bei ya masta silinda moja kuukuu, ukijumlisha sukari, leso mbili na nauli ya wazee watatu. Nimehesabu mara mbili, na mara zote mbili nimecheka peke yangu, jambo ambalo mke wangu anasema si dalili nzuri kwa mtu wa umri wangu.

Gari lenyewe ni ile stesheni wagoni ya Kifaransa yenye nembo ya simba, iliyokuwa ikibeba walimu na magunia ya kahawa pale kwetu Githongo, Meru, kabla sijaota ndevu. Nililinunua likiwa mabati matupu, nikalijenga upya. Binti yetu akaapa kwamba siku ya harusi yake hapandi lingine. Injini ikanguruma, rangi ikang'aa, breki hakuna. Masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki hadi kwenye magurudumu, ilikuwa imeliwa na kutu.

"Mteremko wa kanisani unaujua," mke wangu akaniambia. "Bila breki, mtoto wangu atatembea na shela lake."

Zilibaki wiki mbili. Maduka ya spea ya Meru yalinicheka. Embu mjini, muuzaji aliigeuzageuza ile yangu mbovu akaniuliza kama nimeiiba makumbusho. Lakini ndiye aliyenielekeza kijijini Kanja, kwa mama mmoja mjane ambaye gari la marehemu mumewe, pacha kabisa wa langu, lilikuwa limelala kwenye migomba.

Lipo kweli! Kuku walikuwa wanalalia mayai kiti cha nyuma, lakini nilipofungua boneti nikakuta masta silinda karibu mpya. Marehemu alikuwa ameibadilisha muda mfupi tu kabla ya kuacha kuendesha. Moyo uliruka. Uso nikaununisha haraka, maana sijawahi kupunguziwa bei nikitabasamu.

"Mama, hiki ni chuma chakavu tu. Nikupe elfu mbili?"

Akanipima kuanzia kofia hadi viatu. "Umekuja peke yako?"

"Peke yangu."

"Mikono mitupu?"

"Nina elfu mbili."

"Wameru nyinyi!" Akamwita jirani yake aliyekuwa ng'ambo ya ua. "Njoo uone! Mtu anataka kumchukua msichana wangu kama anachukua unga dukani!" Kisha kwangu: "Baba watoto alilipenda hili gari kuliko alivyonipenda mimi. Hakitoki kitu hapa bila wazee. Leta watu wako tuongee."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

Jumamosi nikarudi na mjomba wangu, jirani yangu, na fundi wangu aliyevaa koti la kuazima. Mjomba alisimama, akakohoa, akasema, "Tumeona ua zuri katika boma hili," na hapo nikajua kwamba tunaposa pampu.

Shemeji wa yule mjane akataka elfu ishirini. "Huyu wetu ametembea. Amefika Mombasa mara nne."

"Na amerudi akalala na kuku," mjomba akajibu.

Watu walicheka hadi chai ikamwagika. Mimi nilikuwa nateseka. Anayeoa haongei siku hiyo, huongelewa. Kwa hiyo nilimtazama tu mjomba akipanda hadi elfu saba na mbuzi juu yake, wakati ni wazi kwamba wangekubali tano. Nilimkanyaga mguu. Akausogeza.

Nililipa zile elfu saba, mbuzi nikaahidi kumleta baada ya harusi, na fundi akaifunga pampu jioni ile ile. Kesho yake tukashuka mteremko, binti yangu kando yangu. Nikakanyaga breki, gari likasimama kama limeitwa na baba yake. "Tena, baba!" akapiga kelele. Tukarudia mpaka bei ya petroli ikaanza kuniuma. Siku ya harusi tulishuka na shela likipepea dirishani, nikikanyaga breki hata pasipo na haja.

Limebaki jambo moja. Nilipompeleka yule mbuzi Kanja, yule mama alimtazama meno, akamsifu, akamrudisha kwenye pikapu niliyokodi.

"Mkwe, ukimaliza kulipa utakuja hapa kufanya nini? Nenda naye. Utaleta mwaka ujao."

Mimi silali na deni, na mbuzi anakula majani ya napia ya ng'ombe wangu. Wewe uliyewahi kumaliza mahari, hebu nishauri: ulifanyaje mpaka wakapokea?