Kanuni ya Tatu ya Kamanda Esteri

Kiangazi cha Esteri Ininahazwe kilianza na kibiriti. Kila mwaka, wiki ya kwanza ya Juni, nyasi za mlimani zikianza kugeuka rangi ya mkeka mkuukuu, alikwenda dukani kwa Kuruthumu, njia panda ya kwenda Kasulu mjini, akanunua kibiriti kimoja kipya. Alikifunga ndani ya mfuko wa nailoni, akakipiga fundo kwenye pindo la kitenge. Cha mwaka uliopita alikwenda kukiwashia jiko.

"Kamanda wa zimamoto anatembea na kibiriti," Kuruthumu alimtania. "Ni kama mganga kutembea na homa mfukoni."

"Kuna moto unaozimwa kwa maji, dada. Na kuna moto unaozimwa kwa moto."

Kuruthumu alicheka, kwa kuwa alijua kazi ya kikosi. Hakujua kwamba kibiriti kile kilikuwa na mtu wake.

Esteri alizaliwa upande huu wa mpaka, kwenye vijiji vya Kagerankanda. Wazazi wake ndio waliovuka kutoka Burundi, mtoto wao wa kwanza mgongoni na jembe moja begani. Uraia aliupata, na cheti chake kimelala ndani ya Biblia. Lakini karatasi ni karatasi na midomo ya watu ni midomo ya watu. Mzee Bazilio, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote kijijini na mjumbe wa serikali ya kijiji kwa miaka isiyohesabika, alimwita "mgeni wetu". Alilisema neno hilo akitabasamu, na ndiyo maana liliuma zaidi.

Miaka minane iliyopita, mwezi wa Agosti, saa sita mchana, upepo ukiwa umeshaamka, Bazilio alitia moto nyasi za kilimani ili ng'ombe wake wapate majani mabichi. Hakumwambia jirani yeyote. Moto ukamponyoka, ukapanda ukingo wa msitu, mahali ambapo Harerimana, mume wa Esteri, mrina asali, alikuwa ametundika mizinga arobaini na miwili. Harerimana alikimbia kwenda kuiteremsha. Esteri alikimbia kuomba watu. Alipiga kelele, "Umuriro! Umuriro!" kwa lugha ya nyumbani, kisha, "Moto! Moto!" kwa Kiswahili, kana kwamba kilichokosekana ni tafsiri. Kila mtu alikuwa juu ya ngazi, akimwagia maji paa lake mwenyewe. Harerimana walimkuta jioni chini ya mti wa kumi na tisa, kamba ya mzinga ingali mkononi.

Kwenye mkutano wa kijiji Bazilio alisimama, kofia kifuani. "Moto hauna mwenyewe," alisema. "Moto ni kama upepo. Nani anaweza kuushtaki upepo? Tumpe pole mgeni wetu."

Wote waliokaa pale walikuwa wameona moshi wa kwanza ulikotokea. Hakuna aliyefungua kinywa. Mtendaji wa wakati huo akaandika kwenye daftari la kijiji: Chanzo cha moto hakijulikani. Esteri, mimba ya miezi sita mbele yake, aliisikia kalamu ikikwaruza karatasi. Mgeni hupewa pole. Haki huwekewa wenyeji.

Mvua za Novemba zilipoanza, Bazilio akapanda miti ya paina pale pale palipoungua. Majivu ya mizinga yakawa mbolea yake. Novemba hiyo hiyo akazaliwa Divine, binti wa Esteri. Mtoto na paina wakawa na umri mmoja, ila paina zilimwacha mtoto mbali. Kila asubuhi Esteri akifungua mlango aliziona zimesimama mlimani, kijani kibichi, zimenyooka kama watu wasio na hatia.

Hapo ndipo ilipozaliwa Zimamoto ya Kijiji ya Kujitolea, ingawa kwenye barua aliyoiandikia ofisi Esteri alitaja sababu nyingine. Alisema gari la zimamoto liko mbali, barabara ni ya vumbi, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Walikuwa saba. Sita ni wanawake wa kwaya, akiwemo Epifania, dada wa marehemu Harerimana. Wa saba alikuwa Saady, fundi pikipiki, aliyesema amejiunga kwa sababu gereji yake imejaa petroli na yeye bado hajaoa.

Watu wakawaita Kwaya ya Moshi. Kila Jumamosi walipita barabarani na matawi mabichi, majembe na madumu, Esteri mbele na filimbi aliyoinunua sokoni Kibondo, na vijana wa kijiweni wakiwaimbia. Mwaka wa pili waliokoa ghala la mahindi. Mwaka wa tatu, nyumba ya mwalimu. Mwaka wa nne kijiwe kizima kilikuwa kimejiunga, na mwaka wa sita wakaja wageni kutoka Buhigwe kuuliza ninyi mnafanyaje.

Wanafanya hivi. Moto mdogo unapigwa kwa matawi. Moto mkubwa haupigiki. Huo unawekewa moto mwenzake: unachagua mstari, unafyeka, unawasha moto mdogo kuelekea ule mkubwa, ili mkubwa ukifika ukute majivu, ufe njaa. Lakini hapo katikati huwa pana shamba la mtu.

Kwa hiyo kikosi kilikuwa na kanuni tatu, na zote tatu ziliandikwa na Esteri kwa mkono wake. Ya kwanza: hakuna kuchoma shamba bila kutoa taarifa siku moja kabla. Ya pili: filimbi ikilia mara tatu, kila nyumba itoe mtu mmoja, tawi moja na dumu moja. Ya tatu: moto wa kukinga utawashwa na mwenye shamba, kwa mkono wake, mbele ya watu, na jina lake litaandikwa.

Mtendaji mpya, Nkunzimana, aliisifu sana hiyo ya tatu. "Hii ni heshima kwa mwenye mali," alisema. "Umefikiri kama mama."

Esteri aliinamisha kichwa. Bazilio naye aliweka sahihi yake, pamoja na wajumbe wengine, huku akipiga miayo.

Kanuni ikafanya kazi. Mwaka wa tano Kuruthumu aliwasha pembe ya shamba lake la mihogo huku akilia kwa sauti, Esteri amemshika kiwiko, na jioni kijiji kizima kikampelekea mihogo hadi akakosa pa kuiweka. Ikawa desturi, na watu wakaona ni nzuri. Esteri peke yake ndiye aliyejua kwamba aliitega kama mtego wa panya: chambo ni heshima, na panya ni mmoja tu.

Agosti ya mwaka huu, saa saba na nusu mchana, filimbi ililia mara tatu.

Moto ulikuwa umetoka nyuma ya mlima, hakuna aliyejua kwa nani, na safari hii ni kweli hakuna aliyejua. Ulikuwa umeshuka hadi nusu ya mteremko, upepo mgongoni mwake. Chini ya moto kulikuwa na njia ya ng'ombe. Chini ya njia, paina za Bazilio. Chini ya paina, kijito. Chini ya kijito, kijiji.

"Kamanda, twende juu!" Saady alipiga kelele. "Tukafyeke kwenye njia ya ng'ombe. Tukikimbia tunatoboa!"

Esteri aliokota majani makavu, akayaachia hewani, akatazama yalikoangukia. Juu walihitaji robo saa. Labda walikuwa nayo. Lingekuwa shamba la Kuruthumu, angewakimbiza watu juu. Alilijua hilo wakati ule ule, na wala hakujidanganya.

"Kijitoni," alisema. "Sipeleki watu kufa kwa ajili ya miti."

Saady aliangalia paina, akamwangalia yeye, akashika njia ya kijitoni. Watu mia wakateremka kufyeka ukingo wa kijito. Kazi ilipokwisha, Esteri alifungua fundo la kitenge.

"Mwiteni mwenye shamba."

Bazilio tayari alikuwa anakuja, anahema, kofia imeanguka. "Mnafanya nini hapa? Zuieni kule juu! Hizi bado miaka michache tu nizivune, mwanangu ana karakana kule Kibondo anazingojea!"

"Kanuni ya tatu, Mzee." Akamnyooshea kibiriti.

"Washa wewe! Si wewe kamanda?"

"Shamba si langu. Mimi mgeni."

Moto ukasikika juu yao, ukitafuna kama ng'ombe elfu.

"Sitawasha," alisema Bazilio.

"Sawa." Esteri aligeukia watu. "Wekeni matawi chini. Tunangoja."

"Wifi!" Epifania alinong'ona. "Watoto wako nyumbani."

"Na Divine wangu yupo nyumbani. Tunangoja."

Wakangoja. Hakuna kitu kizito kama watu mia wanaongoja mtu mmoja. Majivu yakaanza kudondoka mabegani mwao. Kwanza ikasikika sauti moja ya mwanamke, "Mzee, washa!" Kisha mbili, kisha kumi. Kisha ikasikika sauti ya mke wa Bazilio mwenyewe: "Wajukuu zako, wewe mwanamume! Washa!"

Akakichukua kibiriti. Njiti ya kwanza ikavunjika. Ya pili ikazimwa na upepo. Ya tatu ikamtoka mkononi. Hakuna aliyemshika kiwiko. Akapiga magoti, mzee mzima mwenye ng'ombe wote wale, akainamia majani kama anayeyanong'oneza, na njiti ya nne ikashika.

"Esteri," alisema akiwa bado chini, bila kuinua uso. "Unajua unachonifanyia."

"Ule wa Harerimana ulikosa mwenyewe, Mzee. Huu hauwezi kukosa."

Majani makavu ya paina yalishika kama yaliyomwagiwa mafuta. Miti ya miaka minane ikapanda mbinguni kwa dakika ishirini. Mioto miwili ikakutana katikati ya shamba, ikasimama wima, ikaanguka. Hakuna nyumba iliyoungua, hata moja. Watu walikumbatiana, Saady akacheza, na Esteri akabaki palepale hadi paina ya mwisho ilipolala. Moyo wake ulikuwa mtamu. Tusimsingizie majuto asiyokuwa nayo. Ulikuwa mtamu kama sega.

Siku ya tatu kulikuwa na mkutano. Nkunzimana alisoma daftari: moto wa kukinga uliwashwa saa nane kasoro dakika kumi, na Mzee Bazilio, kwa mkono wake. Watu wakapiga makofi. Mtendaji akataka kuendelea na ajenda nyingine.

"Naomba usome na ukurasa wa nyuma," alisema Esteri. "Agosti, miaka minane iliyopita."

Nkunzimana alifunua kurasa, akatafuta, akasoma taratibu. "Chanzo cha moto hakijulikani."

Esteri alimtazama Bazilio kama alivyomtazama pale kijitoni, na mkutano mzima, ambao ulikuwa umeshajifunza kungoja, ukangoja naye. Nyusi za Bazilio zilikuwa zimeungua. Uso wake ulionekana uchi. Alisimama.

"Andika," alimwambia mtendaji.

"Niandike nini, Mzee?"

"Nilikuwa na kibiriti. Nilikuwa na ng'ombe wenye njaa. Sikumwambia mtu. Andika saa sita mchana. Andika jina langu. Na la marehemu."

Kalamu ikakwaruza. Epifania alijifunika uso kwa kanga, akamlilia kaka yake upya. Esteri hakulia. Aliisikiliza ile kalamu hadi ikanyamaza.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Epifania alimshika mkono. "Wifi, niambie mimi tu. Kule juu tungewahi?"

"Labda."

"Labda?"

"Labda, wifi."

Epifania alitembea hatua kadhaa. Kisha akacheka, kicheko kifupi kilichochanganyika na kamasi. "Na sasa umemsamehe?"

"Nimemsikia," alisema Esteri. "Kusikia ni kazi ya leo."

Jumamosi iliyofuata kikosi kilikusanyika kwa mazoezi. Bazilio alikuja, panga mkononi, akasimama mwisho wa mstari bila kuulizwa. Vijana waligusana viwiko. Esteri alipita akikagua matawi, mtu kwa mtu, hadi akamfikia.

"Wa nyuma hubeba maji," alimwambia. "Toka kijitoni hadi njia ya ng'ombe."

Njia ile ilipita katikati ya paina zilizoungua, juu hadi ulipokuwa mti wa kumi na tisa. Bazilio aliitazama, akatikisa kichwa kukubali.

Saady alisogea karibu, akashusha sauti. "Mama, ni mzee yule. Nimpe dumu la lita kumi?"

"La ishirini."

"Nilijaze nusu?"

Esteri aliweka filimbi mdomoni, kisha akaitoa.

"Lijae," alisema, ndipo akapuliza.