Gauni la Vitenge Viwili

Binti yangu alipokuwa chuo kikuu hapa London alijiunga na vyama viwili vya wasichana. Kimoja cha Watanzania, ambacho mimi ndiye niliyekuwa mlezi wake. Kingine cha Wakongo, watu wa marehemu mama yake. Kila chama kilikuwa na sare yake ya kitenge, na kwenye sherehe walikaa kwa sare, meza huku na meza kule, wakirushiana vijembe.

Jumamosi moja mchana, kwenye ukumbi wa Neasden, kulikuwa na sendofu ya kumuaga rafiki yao anayeolewa, aliyekuwa katika vyama vyote viwili. Nilishawaahidi wenzangu kwamba binti yangu ataongoza msafara wetu wa kuingia.

"Usiniaibishe," nilimwambia asubuhi. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba amesikia.

Aliingia peke yake. Upande mmoja wa gauni ulikuwa kitenge chetu cha bluu, wa pili chao cha njano. Alikuwa amelishona mwenyewe.

"Mlezi, mtoto kavaa viraka!" mama mmoja wa meza yetu akapiga kelele. "Au kitambaa chetu hakikutosha?"

Ukumbi ukacheka. Nikainuka, nikaushika ule upande wa njano, nikauvuta mpaka ukachanika begani.

"Baba, hicho kitenge ni cha kina mama."

Nikampiga kofi. Nikaongeza la pili. La tatu lilimpata sikioni, akaangukia kona ya meza, damu ikamchirizika shingoni.

Msichana mmoja wa Kikongo akanikaba shati. "Papa, muache mutoto!" Nikamsukuma, akanipasulia sahani kichwani. Meza zote mbili zikavamiana. Viti viliruka, mawigi yaling'olewa, na mwenye sherehe yake alijificha chini ya meza akilia.

Polisi walipofika wakauliza nani kamjeruhi binti. Nikanyoosha kidole kwa yule Mkongo. Meza yangu nzima ikaitikia, kwa kuwa nilikuwa mlezi wao. Akafungwa pingu. Nilijua vizuri kwamba alikuwa ameomba hifadhi ya ukimbizi na bado anasubiri majibu. Alishakula kwangu mara nyingi.

Binti yangu alikuwa sakafuni, ameziba sikio kwa kitambaa. Niliamini atanyamaza, mimi ni baba yake. Akajikokota mpaka kwa askari, akasema nao kwa Kiingereza. Kisha akanitazama, akarudia kwa Kiswahili:

"Nimewaambia wamwachie dada yangu. Aliyenipiga ni wewe."

Pingu zilihama. Mahakamani nilikiri, ila nilikiri kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine.

Sikio lile halisikii tena, na yeye hasemi nami. Watu wa meza yangu bado wananipa pole kwamba mtoto alimsaliti baba yake. Kwa miaka niliipokea pole hiyo. Siku hizi nawaambia kwamba bila yeye, msichana wa watu angerudishwa vitani kwa uongo wangu.