Barua ya Kuombea Bweni

Miaka ile, vita vya Kongo vikiendelea ng'ambo ya mto, nilikuwa nafanya kazi katika chuo kikuu cha serikali, mbali na kwetu Kamembe, mji wa mpakani. Nilikuwa mwandishi wa barua za kuomba msaada Ulaya. Tulitaka bweni la wasichana, maana wengi walikuwa wakilala kwenye mikeka madarasani. Barua zangu za kwanza hazikujibiwa.

"Matofali hayamlizi mtu," mkuu wangu akaniambia. "Watafutie mtu mmoja wa kumwonea huruma."

Nikampata binti wa mtaani kwetu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Wazazi wake waliuawa. Shangazi yake, mshonaji, alikimbia naye hadi Bukavu, ng'ambo ya mto, akarudi naye, akamsomesha kwa cherehani yake kibarazani karibu na msikiti. Haya yote niliyajua. Sare yangu ya shule aliishona yeye.

Lakini nilipofika sehemu ya shangazi katika barua, kalamu ikasita. Niliona barua ina nguvu zaidi bila yeye. Nikaandika: "Msichana huyu hana mtu duniani." Binti sikumuuliza, shangazi sikumwambia.

Jibu halikukawia, na bweni likajengwa.

Siku ya kulifungua, shangazi alikuja kwa basi kutoka Kamembe, amevaa kitenge kipya, amebeba mchele wa Bugarama na dagaa wa sambaza waliokaushwa. Mgeni mkuu, mfadhili wetu kutoka Ulaya, mzee mpole mwenye barua yangu mfukoni, alimkuta amemkumbatia binti. Akaniuliza kwa Kifaransa, "Huyu mama ni nani?"

Ningeweza kusema kweli. Mzee yule angefurahi tu, nadhani. Lakini mkuu wangu alikuwa ananitazama.

"Ni jirani," nikasema.

Shangazi alimwachia binti. Nilikuwa nimesahau kwamba Bukavu aliuza vitambaa kwa miaka miwili, na kwamba soko lile lilimfunza Kifaransa. Aliweka mchele na samaki jikoni kwa wapishi, akaondoka na basi la mchana, kabla ya chakula.

Ilinichukua miezi mitatu kwenda kumwona. Nilimkuta kazini. Hakunyanyua kichwa.

"Maman, nimekuja kuomba radhi."

"Radhi ya nini? Si mimi ni jirani?"

Nikamweleza habari ya barua. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Batoto banalala mule ndani?"

"Wanalala, Maman. Vitanda vyote vimejaa."

"Basi, ile ni muzuri." Akakata uzi kwa meno. "Lakini uandike ingine. Useme mutoto iko na muntu. Useme ni mimi nilimulea."

Niliiandika usiku uleule, nikamtaja yeye na cherehani yake na safari ya Bukavu. Ilikuwa barua nzuri kuliko ile ya kwanza. Mkuu wangu aliisoma akiwa amesimama, akaitia kwenye droo yake.

"Unataka watuone waongo?" akasema.

Ningeweza kuiandika tena na kuituma mwenyewe, anwani nilikuwa nayo. Sikuituma.

Binti alihitimu, akawa mwalimu huko Gihundwe. Shangazi aliniuliza mara moja tu kama wale wazungu walijibu. Nikamwambia posta za Ulaya huchelewa.